Mwendo Ulionunuliwa

Nyumba ninayokaa iko Kasha, katika komini ya Bagira mjini Bukavu, mahali ambapo mtu akitaka kulifikia Ziwa Kivu kwa gari hana budi kushuka, na akitaka kurudi kwa wanawe jioni hana budi kupanda, wala hakuna siku katika siku za mwaka ambayo mlima humsamehe ushuru wake. Nimeishi na mlima huu muda wa kutosha kuujua kama mtu amjuavyo mdai wake: saa zake za ukali, hila zake, pahala anapokubali kusikilizana na pahala asipokubali katu. Na kwa kuwa gari langu, Toyota kuukuu iliyovuka bahari kutoka Japani na ambayo usukani wake ungali kulia katika nchi ambayo magari yake hupita kulia mwa barabara, halikubali kwenda kwa dua, nimejikuta bila ya kukusudia kuwa mwanafunzi wa elimu ndogo isiyofundishwa katika skuli yoyote ya mji wetu, nayo ni elimu ya kuyatumia mafuta kwa iktisadi.

Nalitaja neno iktisadi kwa makusudi, kwani aghalabu watu hulichanganya na jirani yake mwenye sura mbaya, yaani ubakhili. Bakhili hukitazama kilichomo mkononi mwake akakifumbata. Mwenye iktisadi hukitazama kilichokwisha kumtoka akauliza kimekwenda wapi. Katika mambo mengi ya maisha tofauti hiyo ni ya tabia tu, na mtu aweza kubishana juu yake usiku kucha. Katika gari ni ya hisabu, na hisabu haina upendeleo.

Esansi, kama tuiitavyo hapa kwa ulimi tuliourithi kwa Wabelgiji, ni mgeni wa mbali. Aghalabu huvuka Bahari ya Hindi kutoka nchi za Ghuba, ikashuka Dar es Salaam au Mombasa, ikapakiwa katika malori ya matangi na kusafiri zaidi ya kilomita 1,500, ikikata mipaka na kulipa ushuru, hata ikafika Ruzizi na kuingia mjini, ambako baadhi yake huuzwa vituoni na baadhi kando ya njia katika chupa na madumu, na vijana ambao Wakongo wamewapa lakabu ya Kadhafi. Bukavu imeienzi bidhaa hii kiasi cha kuipa soko na njia panda jina lake: huko Ibanda kuna mahali paitwapo Essence, ambako mtu aweza kwenda kununua nyanya asirudi na hata tone la mafuta. Na tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 na benki zikafunga milango, hata mtu aliyekuwa hajali hujikuta akiutazama mshale wa tangi kama mgonjwa atazamavyo uso wa tabibu. Jambo la ajabu, ambalo sijapata kulizoea, ni kwamba haya yote hutendeka kandokando ya ziwa ambalo lenyewe limebeba nishati tumboni: katika maji ya kina ya Kivu mmeyeyuka kilomita za ujazo zipatazo 60 za gesi ya methani, na upande wa Rwanda, huko Karongi, mtambo wa KivuWatt umekuwa ukiivuta na kuifanya umeme wa megawati 26 tangu 2016. Sisi hupita juu ya hazina hiyo tukiwa na dumu tupu.

Basi turudi katika hisabu. Chukua gari lenye uzito wa kilo 1,200 pamoja na waliomo, ulipandishe mita 100, nazo ziwe mita za kimo, si za barabara. Kazi hiyo, kwa kanuni zile zile tulizokaririshwa shuleni, ni jouli 1,180,000 hivi. Lita moja ya esansi ina takriban jouli milioni 33, hata mtu akadhani kwamba mlima ni wa bei rahisi. Lakini injini ni mtumishi mlafi, ambaye katika kila vikombe vinne vya mafuta apewavyo, vitatu huvipoteza katika joto na moshi na msuguano, na kimoja tu, tena katika siku zake njema, ndicho kifikacho magurudumuni. Ukiiingiza hasara hiyo utakuta kwamba kila mita 100 za kimo hula lita 0.14 au zaidi kidogo, ambayo ni humusi ya chupa ya Primus ya sentilita 72, chupa ile ile ambayo Bralima huijaza bia, na ambayo bia yake ikishanyweka yaweza kuonekana tena kando ya njia imejaa esansi.

Humusi hiyo haina mjadala. Dereva hodari kuliko wote ulimwenguni hawezi kuupanda mlima wa Kasha kwa kazi iliyo chini ya kazi ya mlima wa Kasha, na anayekuahidi kinyume cha hayo anataka kukuuzia kitu. Lakini hapo ndipo swali lenye manufaa linapoanza, maana gari likishafika juu lina mali: ile humusi ya chupa, au tuseme ile robo yake iliyonusurika na ulafi wa injini, imo ndani ya chuma chake kama akiba, na gari likigeuka kushuka akiba hiyo itatoka. Itatoka kwenda wapi? Maji ya ziwa hili hili, yakiteremka katika Mto Ruzizi, yamekuwa yakizungusha mitambo ya bwawa la Ruzizi la kwanza tangu 1958, na kuanguka kwake kumekuwa taa katika nyumba za watu. Gari langu halina mtambo wa namna hiyo. Yapo magari ya kisasa yanayojua kuirudisha akiba yao katika betri wakati wa kushuka, na Toyota ilianza kuyauza kwao Japani mwaka 1997, lakini langu si mojawapo. Akiba yake huishia katika breki, ikawa joto, na joto likapeperushwa na upepo wa ziwani. Kwa hiyo mtu akiniuliza ni kiungo gani cha gari kinywacho mafuta, simwonyeshi injini. Namwonyesha breki, au freni kama waisemavyo wenyewe hapa. Injini hununua mwendo, breki huumwaga.

Nimepata kukadiria ukubwa wa kumwaga huko. Gari lile lile la kilo 1,200, likienda kwa kilomita 40 kwa saa kisha likasimamishwa, limemwaga kiasi cha mililita tisa za esansi, yaani vijiko viwili vya chai vipungukavyo kidogo. Vijiko viwili si kitu, atasema msomaji, na kweli si kitu, mara moja. Lakini baina ya Kasha na Nyawera nimehesabu siku moja, kwa kupitisha punje za mahindi kutoka mfuko mmoja kwenda wa pili, ni mara ngapi niliukanyaga mguu wa breki hata mwendo ukafa, na punje zilipozidi kiganja kimoja nikaacha kuhesabu kwa haya. Na mwendo ukiongezeka maradufu vijiko havizidi maradufu, huzidi mara nne, kwa sababu nguvu iliyomo katika mwendo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Anayekimbia kwa kilomita 80 katika ile njia iliyonyooka ya kwenda Kavumu kisha akaona mbuzi, amemwaga karibu vijiko vinane na bado hajasema neno.

Tangu siku ile ya punje nilibadili mahali pa kuweka macho. Hapo kwanza nilikuwa nikilitazama gari lililo mbele yangu. Sasa nalitazama la tatu au la nne, na kupita hayo naitazama njia yenyewe, mahali ilipomomolewa na mmomonyoko wa ardhi, mahali ambapo mvua ya jana imeacha shimo lililojaa maji yasiyosema kina chake, mahali ambapo akina mama wameanika dagaa wao wa sambaza wakanyang'anya theluthi ya barabara kwa haki ya kutangulia. Nikiona kwamba mbele kuna kizuizi, mguu wangu hutoka katika mafuta pale pale, mapema, mbali, wakati ambapo abiria wangu hata hajaona sababu. Gari likaendelea kwa mali yake lenyewe, likijipunguza taratibu, na mara nyingi likifika pale kizuizi kimeshaondoka, nami sikuwa nimesimama. Hiyo ndiyo hila nzima. Sina nyingine kubwa kuliko hiyo, na nimeona mafundi wanaotoza fedha nyingi kwa dawa za kutia katika tangi ambazo hazifikii nusu ya manufaa yake.

Wengi huyasikia maneno haya wakanijibu kwa methali ya polepole ndio mwendo, wakadhani tumekubaliana. Hatujakubaliana. Methali hiyo ni njema kwa mtembea kwa miguu, lakini injini ina tabia ambayo wahenga hawakuijua: kila dakika iwakayo ina chakula chake, kuna safari hakuna safari, na gari dogo lililosimama likinguruma hula baina ya nusu lita na lita moja kwa saa. Anayeupanda mlima kwa gia ya kwanza huku injini ikilia kama mtoto mwenye chango, kwa kuamini kwamba upole ni akiba, hulipa humusi ya mlima na juu yake hulipa kelele. Injini hufanya kazi kwa ufanisi pale inapobebeshwa mzigo wa kutosha ikiwa katika mizunguko ya chini, mradi haijafikia kutetemeka na kugonga; basi penye mteremko mdogo kabla ya mlima mimi huuacha mwendo ukue, kwani kilomita 40 kwa saa peke yake zaweza kulipandisha gari kimo cha mita sita bila ya kuongeza tone, kisha naweka gia ya juu kadiri mlima unavyovumilia, na nakanyaga kwa uthabiti, bila ya woga na bila ya ghadhabu. Mlima hauheshimu anayeusogelea kwa kusitasita.

Sasa nieleze habari ya bakhili. Alfajiri moja ya mvua, gari langu likiwa kwa fundi, nalipanda teksi hapa juu, sisi abiria wanne nyuma na wawili mbele, na tulipofika mwanzo wa mteremko dereva akazungusha ufunguo na injini ikanyamaza. Kimya cha gari linaloteremka bila injini ni kimya cha namna yake. Mtu husikia kokoto moja moja.

“Shofa, mbona umezima?” nikamwuliza.

“Papa, esansi iko bei kali,” akanijibu bila kugeuka. “Mulima inatusukuma ya bure.”

Nilinyamaza kwa adabu ya abiria, adabu ambayo tangu siku hiyo nimeitilia shaka. Katika magari yetu breki hupata msaada wa nguvu kutoka katika injini, na injini ikizimwa msaada huo hubaki kwa mikanyago miwili mitatu kisha hukoma. Usukani nao, ukiwa ni wa kusaidiwa, huwa mzito kama jiwe la kusagia. Tulipoifikia kona ya tatu mguu wake ulikuwa umesimama wima juu ya breki, mishipa ya shingo imemtoka, na gari halisikii. Akili ya kutia gia ilimjia akiwa amechelewa kidogo tu. Tulipunguza mwendo kwa kishindo na kupumzika ubavuni mwa mfereji, gurudumu moja hewani, na hakuumia mtu isipokuwa trei ya mayai iliyokuwa mapajani mwa bibi mmoja, ambaye alitutukana sote kwa Kimashi bila kubagua.

Kinachonisikitisha katika kisa hiki, zaidi ya mayai, ni kwamba mtu yule hakuwa akipata hata faida aliyotaka kuifia. Katika zama za magari ya kabureta hesabu yake ingekuwa na chembe ya ukweli, kwani injini ile ilinyonya mafuta hata pale ilipokuwa ikiburuzwa na magurudumu. Lakini katika gari lenye kupulizia mafuta kwa sindano zinazoongozwa na umeme, na lake lilikuwa hilo, dereva akiondoa mguu katika mafuta huku gia imo na mizunguko iko juu, sindano hufungwa kabisa: injini huzungushwa na mlima wenyewe, haili hata tone, na wakati huo huo hulizuia gari lisikimbie, breki zikabaki baridi zikingoja siku ya haja. Anayetoa gia akaiacha injini ingurume peke yake hula zaidi kuliko anayeiacha gia ndani. Na anayeizima hapati chochote kwa hatari yake. Ule ubakhili ulikuwa bure katika maana zote mbili za neno hilo.

Asili ya mchezo huo wa kuzima si hapa kwetu. Mwaka 1939, huko Wood River katika jimbo la Illinois, watafiti wa maabara ya kampuni ya Shell waliwekeana dau ni nani atakayekwenda mbali zaidi kwa kiasi kile kile cha mafuta, na mshindi akapata takriban kilomita 21 kwa lita. Kutokana na dau hilo yakazaliwa mashindano yaliyodumu hata leo, na washindani wakajifunza kuwasha, kusukuma, kuzima na kuteleza, kwa zamu. Sina ubaya na michezo. Lakini mambo yafanywayo katika uwanja uliofungwa, na mtu peke yake ndani ya kigari chepesi, hayasafiri vizuri hadi Kasha penye abiria sita na mayai.

Kuna shida nyingine ambayo hisabu yangu haiitatui. Akiba ya mwendo yahitaji nafasi mbele, na nafasi mbele, katika mji uliojengwa kwa watu wachache na kukaliwa na wengi, ni kiwanja kisicho na hati: ukiiacha hugeuka mara kuwa ya mwingine. Karibu na Place de l'Indépendance, katika saa za asubuhi, nikiacha urefu wa magari mawili huingia pikipiki tatu, na nikiziachia hizo nafasi yao huingia basi dogo, na kila aingiaye hunilazimisha nikanyage, nami nikimwaga vijiko vyangu namlazimisha wa nyuma amwage vyake. Wamotari siwalaumu, wanalisha nyumba. Lakini hapo naona kwamba iktisadi ya mtu mmoja ina ukuta, na kupita ukuta huo ni kazi ya jamaa nzima au ya dola. Dola nazo zimejaribu kwa namna zake: baada ya bei ya mafuta kupanda mara nne katika 1973 na 1974, Marekani iliamuru kasi katika barabara kuu isizidi maili 55 kwa saa, na Tanzania katika miaka ile ya dhiki ilizuia magari ya watu binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, jambo ambalo wazee wa Dar es Salaam hulisimulia mpaka leo, wengine kwa kicheko. Kwetu sisi sheria ya kasi haina kazi: mashimo yamekwisha kuipitisha bila ya bunge.

Yaliyobaki ni madogo, nayataja kwa kupita. Upepo wa tairi wapaswa kupimwa, wala usikisiwe kwa teke; fundi wa tairi, ambaye Wakongo humwita kwado, huupima kwa dakika mbili. Kabureta iliyorekebishwa pwani huvuta mafuta kwa wingi kupita kiasi hapa kwetu, kwa sababu katika kimo cha mita 1,500 hewa imepungua kwa kiasi cha asilimia 15, na gari hilo likatoa moshi mweusi kama bibi anayepika kwa kuni mbichi. Na vitu vilivyosahauliwa nyuma ya gari, jeki mbili, gunia la saruji lililogandamana, nao ni abiria wasiolipa.

Jambo hilo la mzigo ndilo lililonifanya nifungue daftari wiki iliyopita. Nilikuwa narudi jioni, nimeukusanya mwendo wangu vizuri chini ya mlima, njia iko tupu kwa bahati adimu, nilipomwona mbele yangu mmoja wa wale akina mama wabebaji, ameinama mpaka uso unakaribia kuitazama ardhi, kamba kwenye paji la uso, gunia la makaa mgongoni. Hakuwa akipanda moja kwa moja. Alikuwa akikata njia kwa mshazari, kushoto kisha kulia, kila hatua imepimwa, wala hakusimama, kwani anayesimama na mzigo ule katikati ya mlima hulipa kuuanza upya. Nilitazama kazi yake kwa muda, nikaona kwamba niliyojifunza kwa punje za mahindi yeye alikuwa akiyajua kwa shingo.

Nikakanyaga breki. Vijiko vyangu viwili vikamwagika, na mwendo wote nilioununua tangu kule chini ukafa papo hapo, mlimani, mahali pabaya kuliko pote. Akasita, akaniangalia kwanza mimi, kisha kiti, kisha gunia, akaniuliza bei. Nikamwambia hakuna bei. Akaingia, gunia likaingia nyuma, gari likakaa chini kidogo kwa springi zake.

Usiku nilipiga hesabu: yeye na makaa yake, tuseme kilo 120, ambayo ni moja ya kumi ya gari zima, kwa mita 100 za kimo. Ni vijiko vitatu vya chai. Kuvipata vijiko hivyo kwa miguu kungemchukua jioni nzima.

Njiani hakusema mengi. Tulipofika karibu na mwisho wa mlima, na mguu wangu ukatoka katika mafuta mapema kwa mazoea, na gari likawa linajiendea lenyewe polepole kuelekea nyumba za kwanza, aligeuka akanitazama kwa wasiwasi kidogo.

“Papa,” akasema, “esansi imekuishia?”